Kompaila ya Baba Ndunge

Soweto West, Kibera
Jumatatu, 12 Novemba 2007

Mwalimu Wagaki,

Usishtuke kupata barua ya karatasi siku hizi za simu. Nilifikiria kukupigia, lakini programu haisomeki kwa simu. Ukifika kwenye mabano mtu anadhani umeanza kugugumiza. Nimempa Oloo. Unamjua kwa sura: ndiye anayekuja huko Kawangware kila asubuhi kwa baiskeli kuchukua mkate na kuusambaza huku Kianda na Soweto. Barua ikikaa chini ya kreti ya mkate hainyeshewi wala haipekuliwi.

Ni mimi Kilonzo, fundi viatu, yule mwanafunzi wako wa wiki sita aliyekuwa na umri wa kuwazaa wenzake wote darasani. Ulituambia kozi ikiisha tusilale. Sikulala. Nimenunua kompyuta kuukuu kutoka ofisi moja iliyokuwa ikihama, nimeiweka kwenye kona ya chumba, na mke wangu Ndululu ameifunika leso yake nzuri kama mtoto mchanga. Stima yetu ni ya sambaza, ya kuunganishiwa waya na jirani, inakuja inapotaka. Lakini mashine inawaka. Shida ni kwamba haina kompaila, ile ya kugeuza maandishi yetu yawe lugha ya mashine, na bila kompaila haya ninayoandika ni maandishi tu. Mashine haiambulii kitu.

Nimeulizia. Mjini kuna duka linaloiuza ndani ya boksi zuri, na bei yake ni kodi ya chumba changu miezi minane. Kule River Road kuna kijana anayo kwenye CD kwa shilingi mia mbili, anaapa ni ileile. Halafu nilikusikia darasani ukitaja ya bure iliyo kwenye intaneti. Mimi ni mtu wa kibandani, Mwalimu. Kitu cha bure hunitia wasiwasi kuliko cha bei kali. Niambie ukweli, nichukue ipi?

Utacheka ukijua ninaitakia nini. Kila Jumapili mchana kibandani kwangu tunacheza drafti kwa vifuniko vya soda. Tuko wanane, na kila mwisho wa mwaka tuna mashindano. Mimi ndiye huandika nani akutane na nani. Mwaka huu, kwa sababu ya hizi kampeni za uchaguzi, kila karatasi ninayotoa inachunguzwa. Gichuru, muuza makaa, anasema nampangia wagumu. Oloo anasema namlinda Gichuru. Wote wawili wanasema nawapendelea Wakamba, na Mkamba kwenye benchi lile ni mimi peke yangu! Jumapili iliyopita nusura lisambaratike, na sina kitu Nairobi hii ninachokipenda kama benchi lile. Nataka mashine ichague. Mashine haina kabila.

Mwanafunzi wako,
Kilonzo (Baba Ndunge)


Kawangware
Ijumaa, 16 Novemba 2007

Baba Ndunge,

Barua yako imefika ikinukia mkate, na mimi sikuwa nimekunywa chai. Hiyo nayo ni dhuluma.

Nakujibu moja moja. Ya kwenye boksi ni nzuri, lakini utakuwa unalipia mambo ya watu wanaoandika programu za benki. Wewe una vifuniko vya soda. Ya River Road usiiguse. Anayeiuza mwenyewe hajui kilicho ndani. Chukua ya bure. Si ya bure kwa sababu ni mbovu. Imetengenezwa na watu walio nchi mbalimbali, wengi hawajawahi kuonana, wanaandikiana tu na kurekebishana makosa. Ndiyo ninayotumia mimi hapa kwenye ofisi yangu ya kuchapa.

Ila laini yangu ya intaneti inatambaa, na stima ikikatika naanza kushusha upya. Nipe wiki kadhaa, nitakuchomea kwenye CD. Kwa sasa kompaila yako ni mimi. Andika programu kwenye karatasi, Oloo alete, niichape kwenye mashine yangu na nikurudishie makosa kwa wino mwekundu kama ulivyozoea. Usiogope kuniandikia vibaya; mimi hutunza nakala ya kila kitu, na nitakuonyesha siku moja ulikotoka.

Nakupa zoezi. Majina pekee hayatakufundisha kitu. Kando ya kila jina weka namba ya mlango wa nyumba ya mchezaji. Ukiweza kuifanya mashine ishike vitu viwili vya mtu mmoja bila kuvichanganya, utakuwa umevuka darasa la kwanza.

Baba yangu, mzee Ephantus, ameuliza ni mwanamume gani anayeniandikia barua ndefu hivi katika ploti yake. Nimemwambia una mke na una drafti, na kwamba cha pili ndicho kinachokusumbua.

Wako,
Wagaki


Soweto West
Jumatatu, 3 Disemba 2007

Mwalimu,

Nitubu kwanza. Nilikuwa River Road. Nilikuwa nimepeleka viatu vya mteja, miguu ikanipeleka yenyewe. Nilipoweka ile CD kwenye mashine, nikaona mhubiri wa kigeni akihubiri saa mbili kamili, hakuna kingine. Ndululu ameipenda. Anasema hatimaye kompyuta imefanya kazi.

Sasa zoezi. Nimezunguka mlango kwa mlango na kalamu yangu. Nilipomwuliza Gichuru namba yake aliniambia, "Ya nini buda, unaleta posa?" Yeye na Githinji, mwenzetu wa benchi, wanakaa ile ploti moja ambayo mwenyewe ameipa milango herufi pamoja na namba, kana kwamba ni hoteli. Nimeandika vyote kama vilivyo. Majina manane, milango minane, halafu ule mstari wa kuchagua kwa bahati nasibu kama ulivyotufundisha. Yote yameingia kwenye karatasi moja, nimeiandika mara mbili ili usilalamikie mwandiko.

Kampeni huku zimechacha. Kuna siku tunacheza bila kuongea, vifuniko tu vinagonga ubao. Tulikubaliana mashindano yasogee mpaka Januari, kura zikiisha na watu wakipoa. Fanya haraka na hiyo CD.

Kilonzo


Kawangware
Jumamosi, 29 Disemba 2007

Baba Ndunge,

Kwa ufupi, Oloo yuko mlangoni ananihimiza. Anasema njia si nzuri leo. Watu wote wamebanana kwenye redio wakingoja matokeo.

CD ni hii hapa! Imenichukua majaribio kumi na moja. Iweke, fuata maelezo niliyochapa, na usimpe Ndululu aweke mahubiri juu yake.

Programu yako imenifurahisha kuliko zote nilizosahihisha mwaka huu. Makosa ni mawili tu. Umeiambia mashine kwamba milango ni namba, halafu Gichuru ukampa 14B na Githinji ukampa 9A. Herufi si namba, Baba Ndunge, na mashine imegoma papo hapo. Nimeweka X nyekundu kwenye mistari hiyo miwili. Sita iliyobaki nimeipa tiki. Kuna jambo moja zaidi kuhusu jinsi mashine inavyochagua, lakini hilo ni somo la Januari.

Heri ya mwaka mpya. Msalimie Mama Ndunge.

Wagaki


Kawangware
Alhamisi, 10 Januari 2008

Baba Ndunge,

Leo ni siku ya kumi na mbili tangu nikuandikie. Simu yako haipatikani, na mimi kadi za salio zilikuwa hazipatikani kabisa. Barua hii nampa Wekulo, askari wa shule hapa jirani. Anasema anakaa huko kwenu, anacheza kwenye benchi lako, na kwamba anajua vichochoro ambavyo bado vinapitika kwa miguu.

Nijibu hata kwa mstari mmoja. Mko hai? Mama Ndunge? Ndunge? CD ilifika?

Jumamosi ile, Oloo alipotoka tu hapa, nilisikia kelele kule chini karibu na mto. Sikutoka. Nilifunga mlango wa ofisi, nikatia komeo, nikajikunyata nyuma ya meza, mimi ninayewakemea watu wazima kwa kuogopa kibodi. Tangu siku hiyo mkate hauendi huko, na Oloo sijamwona. Nikimwuliza mtu, anaangalia pembeni.

Tangu matokeo ya kura yakataliwe, huku vijana wanakaa njiani na kuuliza watu majina yao yote mawili ili wajue kabila. Ploti yetu imepata wapangaji wapya waliokimbia Kibera. Chumba cha mwisho kilikuwa cha mama mmoja Mjaluo wa Kisumu. Baba anasema alihama kwa hiari yake. Sijamwuliza zaidi, na najua kwa nini sijamwuliza.

Niandikie, tafadhali.

Wagaki


Soweto West
Jumamosi, 19 Januari 2008

Mwalimu,

Tuko hai sote watatu. Samahani kwa kukuweka roho juu. Chumba hakikuguswa na moto. Ulikula mpaka mlango wa nne kutoka kwetu ukachoka. Kibanda sijafungua. Viatu vya watu vimo uvunguni mwa kitanda, na wenyewe wengine sijui waliko.

Oloo alianguka na baiskeli. Anapumzika kwa dada yake Kianda, usiwe na wasiwasi. CD nadhani ilidondoka hapo alipoanguka, pamoja na barua kama ilikuwepo. Githinji amekwenda kwao Nyeri. Gichuru naye amehama, sijui wapi. Nampigia, hapokei.

Nimekuwa nikifikiria tena habari ya kompaila. Hiyo ya bure inahitaji nafasi kiasi gani? Na mtu akiwa na mashine nyingine, tuseme ndogo zaidi na ya zamani zaidi, itakubali? Nauliza tu ili niwe na kitu cha kufikiria.

Neno moja la mwisho. Usinitumie tena karatasi yoyote yenye majina. Na zile nilizokutumia mwanzo, kama unazo, zifungie.

Kilonzo


Kawangware
Ijumaa, 25 Januari 2008

Baba Ndunge,

Kwa nini hukuniambia?

Mmoja wa wapangaji wetu wapya ni Gichuru. Sikujua; wanaume wote waliokuja wiki ile walikuwa na sura moja, ya mtu ambaye hajalala. Jana aliingia ofisini akitaka nimchapie taarifa ya kupeleka polisi. Akavua kiatu, akatoa karatasi kwenye soksi, akaikunjua mezani kwangu. Ni mwandiko wako. Majina manane, milango minane. Tiki sita nyekundu na X mbili nyekundu.

Akaanza kunisomea. "Andika hivi, madam. Huyu fundi nilikuwa namwita rafiki. Alikuja kwa mlango yangu na kalamu akaniuliza namba, na mimi nikampa nikicheka. Kumbe walikuwa wanapanga. Wenye X ni mimi na Githinji, Wakikuyu peke yetu kwa hiyo benchi. Vijana wetu wa hapa Kawangware walishika Mjaluo wa mkate akiipeleka Kibera. Wakanipigia simu, nikatoka na bibi na gunia moja, na nilipofika huku wakanipa hii karatasi."

Nilichapa. Vidole vyangu vilichapa mpaka jina lako kamili na mahali kibanda kilipo. Ile kalamu nyekundu ilikuwa kwenye kikombe mbele yake, Baba Ndunge, na sikufungua mdomo. Nilimwambia tu wino wa printa umeisha, arudi nikimwita.

X ni zangu. Hukuiona barua yangu, kwa hiyo nakueleza sasa: ulimpa Gichuru 14B na Githinji 9A, na mashine ilikuwa imeambiwa ingoje namba tupu. Basi. Na ni mimi niliyekutuma ukaulize milango ya watu mwezi wa kampeni. Nilidhani nafundisha.

Sasa najua kelele za mtoni zilikuwa za nani. Niambie ukweli kuhusu Oloo. Gichuru ataenda polisi na taarifa hiyo, iwe nimeichapa mimi au mchapaji mwingine. Wewe na benchi lako mtakwisha. Nifanye nini?

Wagaki


Soweto West
Jumamosi, 2 Februari 2008

Mwalimu,

Sasa hakuna haja ya kukuficha.

Walimsimamisha Oloo kabla hajavuka mto. Wakapindua kreti, wakapata bahasha. Wakamwuliza orodha ni ya nini, akasema ya drafti, ya kompyuta. Nani angeamini? Alikunja mikono kulinda kichwa, na mikono yote miwili ikavunjika. Akina mama waliokuwa wakitoka kuteka maji ndio waliompakia kwenye mkokoteni na kumfikisha kwa dada yake. Mwezi mzima dada yake anamlisha kwa kijiko. Nikienda kumwona ananiambia, "Mzee, nilishindwa kuwaelezea." Ananiomba msamaha mimi! Natoka nje nalia ukutani.

Habari ilifika huku ikiwa imegeuka: kwamba fundi viatu ana mashine yenye majina ya watu. Tarehe pili Januari vijana wa huku nao wakaja, wakitaka kujua kama wao pia wamo. "Mzee, toa hiyo kitu iko na majina." Nikawaeleza kwamba programu haijawahi kuingia humo hata siku moja, haina hata kompaila. Ni kama niliongea Kichina. Nikatafuta bisibisi, nikaifungua mbele yao pale mlangoni. Wakaona nyaya na vumbi. Mmoja aliinama akachungulia kwa muda mrefu, akauliza majina yanakaa wapi. Nikamwonyesha diski. Wakaondoka na mashine nzima, wakiwa wameifunga kwa leso ya Ndululu. Alilia sana, na alikuwa analilia leso.

Kwa hiyo zile habari za nafasi na mashine ndogo zaidi zilikuwa za kujiliwaza tu. Sina mashine, Mwalimu.

Oloo aliponiambia kuna X mbili nyekundu, sikujua kwa nini ziliwekwa. Nilijua tu ni za mwalimu, kwa hiyo lazima nilikuwa nimekosea. Lakini kila aliyeniuliza nimemwambia nimeziweka mimi, kwamba huwa natia alama waliolipa kiingilio na wasiolipa. Endelea kunyamaza. Vijana waliomshika Oloo wanapita mbele ya ofisi yako kila siku. Wakijua ni binti wa mzee Ephantus aliyekuwa akiandikiana na Kibera, sijui watafanya nini. Mpe Gichuru taarifa yake. Polisi wakija nitakwenda nao. Nimeshaishi, wewe ndio kwanza unaanza.

Kilonzo


Kawangware
Jumatano, 13 Februari 2008

Baba Ndunge,

Sikukutii. Mwanafunzi hampangii mwalimu kazi.

Nilimwita Gichuru Jumapili watu wakiwa kanisani. Nilimketisha, nikaweka mezani ile kalamu nyekundu na nikamwambia, "Wino ni wangu." Alisimama. Nilidhani atanipiga. Nikamtolea karatasi zako zote tangu Novemba, na nakala ya barua yangu ya tarehe 29. Akazisoma akiwa amesimama, kisha akasema, "Hii unaweza kuwa umeandika jana." Na kweli ningeweza.

Nikamwambia basi aketi kwenye mashine. Nilimpa ile karatasi yake ya soksi anisomee mwenyewe, mstari kwa mstari, mimi nachapa kile anachosema na si zaidi. Alisoma jina lake na mlango wake kwa sauti kavu. Tulipomaliza nikamwambia abonyeze yeye. Kompaila ikagoma. Ikatoa mistari miwili, na kwenye kioo zikawa zimeandikwa 14B na 9A, peke yake, bila X na bila mtu kuishika mkono.

Alisoma 14B mara tatu. "Na sita wengine haina shida nao?" Nikamwambia haina, milango yao ni namba tupu. "Kwa hivyo ni hiyo herufi ya landlord?" Nikamwambia ni hiyo tu. Alifunika uso kwa viganja vyake vyenye makaa. Nilidhani analia, lakini alipovitoa macho yalikuwa makavu. Akasema, "Toa milango zote. Hata hizo namba. Zote."

Nilizitoa. Akabonyeza tena, na programu yako ikafanya kazi, Baba Ndunge. Jozi nne zilitokea. Wekulo na Githinji. Gichuru na Oloo.

"Rudia," akasema. Ikatoa Gichuru na Oloo. "Rudia." Gichuru na Oloo. Akaitazama mashine kama mtu anayetazama mkwe. "Hii kitu inataka nini na mimi?"

Ukweli ni lile somo la Januari ambalo hatukulifikia. Mashine usipoiambia ianzie kwenye saa yake, inachagua vilevile kila mara. Ni kosa la kila anayeanza. Lingerekebishwa kwa mstari mmoja. Sikumwambia.

Halafu akaomba taarifa yake ya polisi. Wino ulikuwepo na sikuwa na haja ya kuficha tena; niliichapisha mbele yake. Ni haki yake, sikuweza kumnyima. Aliikunja, akaitia kwenye soksi, akauliza Oloo aliumizwa wapi. Nikamwambia. Akatoka bila kuaga, na tangu hapo hajaniongelesha.

Baba nimemweleza mwenyewe yote, na pia nimemwuliza kuhusu yule mama wa Kisumu. Hatusemezani nyumbani wiki hii. Sijui nimekuokoa au nimekumaliza.

Wagaki


Soweto West
Jumatatu, 10 Machi 2008

Mwalimu Wagaki,

Nilichelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa nangoja polisi. Nilikuwa nimemwachia Ndululu maagizo ya viatu vya watu. Wakubwa wakatia saini ya amani kule juu mwisho wa Februari, nikafungua kibanda, na bado nikawa nageuka kila nikisikia buti.

Jana Jumapili mchana tulikuwa watano kwenye benchi, tumekaa tu. Ubao wetu ulikwisha Januari, mtu alipikia chai. Wekulo alikuwa amesafisha vifuniko vyake na kuvipanga gotini, anamngoja Githinji ambaye bado yuko Nyeri. Oloo aliletwa na dada yake. Mkono mmoja bado una plasta, na ule mwingine vidole vimekataa kukunjika.

Gichuru akatokea upande wa reli, na binamu yake mmoja aliyebaki kwa mbali akiangalia njia. Hakusalimia mtu. Akaketi mbele ya Oloo, akavua kiatu, akatoa karatasi. Mwalimu, ilikuwa ile taarifa ya polisi, na jina langu pale juu. Akaigeuza. Upande wa nyuma alikuwa amechora ubao, nyumba sitini na nne, kwa makaa yake mwenyewe, amezipanga kwa rula. Akaitandaza kwenye benchi na kuipangia vifuniko.

"Mashine imesema ni wewe," akamwambia Oloo. "Mara tatu."

Oloo akainua mikono kidogo amwonyeshe. Gichuru akaiangalia. Kisha akasema, "Wewe ongea, mimi nitasukuma."

Na ndivyo walivyocheza. Oloo anasema, "Huyo wa pembeni, mbele," Gichuru anamsukuma. Halafu anageuka anasukuma wa kwake. Hakuiba hata hatua moja, na sisi wote tulikuwa tumemkodolea macho. Mwishoni Oloo aliona njia ambayo hakuna mwingine aliyeiona. Akasema polepole, "Kula huyo. Na huyo. Na huyo, na umalizie huyo." Gichuru akanyanyua kifuniko cha Oloo, akajila mwenyewe vinne, kimoja kimoja, kwa mkono wake, akaviweka kwenye paja la Oloo. Halafu ndipo akalia, na Oloo akalia, na mimi nikajifanya natafuta sindano.

Baadaye alinivulia kiatu kile kingine. Soli imeachana. Nimemwambia aje akichukue Jumapili.

Kuhusu kompaila, nimeamua. Mpaka nitakapopata mashine nyingine nitaendelea na ile ya Kawangware, ya karatasi. Ila utumie penseli. Oloo anasema mkono ukipona atarudi kwenye mkate, na barua atabeba, lakini safari hii atasoma kwanza kilichomo.

Na ule mstari wa saa, Mwalimu, usiuweke bado. Gichuru anadai marudiano.

Mwanafunzi wako,
Kilonzo